Siku Mashine Ilipofungwa kwa Adabu

Mtu akija kunisifia kwamba mashine yake ni nadhifu, eti inajifagia yenyewe, namwangalia tu. Naelewa anachosema. Programu ikiwa kazini huandika mafaili ya muda pembeni, na kazi ikiisha huyafuta, maana yakiachwa yanarundikana mpaka mashine inaanza kuhema. Ni jambo jema. Hata mimi ningelisifu, kama siku moja lisingenikausha mate mdomoni kuanzia asubuhi mpaka jua lilipoanza kuinama.

Nafanya kazi katika ajensi ndogo ya forodha hapa Lubumbashi, katikati ya mji. Malori yanatoka Zambia, yanapanga foleni mpakani Kasumbalesa, na sisi huku tunaandika deklarasio zao: mzigo ni nini, ni wa nani, umenunuliwa wapi, una karatasi gani za afya. Bila deklarasio lori haliingii, hata dereva apige magoti. Programu tuliyokuwa tunaandikia ilitengenezwa na fundi mmoja wa mji huu, na tulimpenda kwa jambo moja. Umeme ukikatika katikati ya kazi, ukirudi programu inakuuliza kwa upole kama unataka kuendelea pale ulipoachia. Unajibu ndiyo, na kila kitu kipo, mpaka herufi ya mwisho.

Kwa hiyo hatukuwa tunahifadhi kazi. Ukihifadhi, deklarasio inapewa namba na kufungwa, na kurekebisha hata neno moja baada ya hapo ilibidi uende kwa shefu na maelezo. Shefu wetu, Mungu ampe uzima, kila ukimpa jibu yeye anazaa swali. Wateja nao wanabadilisha mambo mpaka lori limefika kwenye kizuizi. Basi tuliziacha deklarasio wazi, na umeme ndio uliokuwa unatufungia mashine. Jioni inafika, pa, giza, tunaenda nyumbani. Asubuhi programu inauliza, tunasema ndiyo. Tangu iingie ofisini hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifunga kwa njia yake. Sidhani hata tulijua kitufe cha kuifungia kiko wapi.

Halafu shefu akaleta betri kubwa na sahani za umeme wa jua. Tulipiga makofi, tukacheka, mmoja wetu akazipapasa zile betri kama mtu anayepapasa ng'ombe wa mahari. Umeme wa mji ulikatika na taa zetu zikabaki zinawaka, majirani wakaja kuchungulia. Shefu akatoa amri moja tu: jioni mashine zote zifungwe vizuri, betri zisiliwe usiku bure. Sekretari wetu, mama mmoja mwenye bidii ya kutisha, alingoja tuondoke, akapita meza kwa meza akazifunga moja moja, kwa utaratibu, bila haraka. Programu ikaona imefungwa na mtu mwenye akili timamu, ikaamini kazi imekwisha, ikafagia mafaili yake ya muda yote. Ndivyo ilivyoambiwa kufanya.

Sasa nieleze deklarasio yangu ilikuwa ya nani, maana hapo ndipo penye moto.

Ilikuwa ya mama mkwe wangu. Yeye amezaliwa hapa Lubumbashi, lakini wazazi wake walitoka Kasai, na mambo ya Kasai anayashika kwa mikono miwili. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, kisha akaingia biashara ya samaki wa barafu, na mwaka ule alikuwa ameamua kufuga kuku. Aliuza friji zake na nafasi yake sokoni, vyote, akaagiza vifaranga wa siku moja kutoka Zambia, lori zima dogo la masanduku ya karatasi ngumu yenye matundu. Nyumba yake ya kupanga huko Naviundu aliigeuza nusu kuwa banda. Vifaranga wakifika wazima, amepona. Wakifa, hana friji, hana meza sokoni, hana cha kumpa mwenye nyumba, na mahali pekee pa kwenda ni kwangu.

Na kwangu hawezi kuja. Kwao mkwe na mama mkwe hawaangaliani usoni. Hawapeani mkono, hawali mahali pamoja, hawazungumzi uso kwa uso. Akija kumwona binti yake, mimi natokea mlango wa jikoni na viatu mkononi. Tukikutana njiani, mmoja anaingia kwenye majani. Sisi watu wa zamani wa huku, tuliozaliwa kando ya migodi, tuna haya zetu pia, lakini hii yao ilinishinda mwanzoni, nikafikiri mama wa watu ananichukia. Mke wangu akanicheka sana. Akaniambia kwamba anayekuheshimu kidogo atakusalimu, anayekuheshimu sana atakukimbia. Nikazoea, hata nikaipenda, maana nina marafiki ambao wangetoa mshahara wao wote ili mama mkwe asiwaseme. Lakini kulala chini ya paa langu, kupishana nami kwenye korido asubuhi na kanga ya kuogea, hapana. Alishamwambia mke wangu kwamba afadhali alale kwenye benchi la kanisa.

Mambo yetu yote yalipita kwa mke wangu. Makaratasi ya vifaranga mama aliyafuata mwenyewe Zambia, mke wangu akaniletea, nikayaandika yote kwenye programu, akayarudisha kwa mama yake, na mama akampa dereva wa lori aliyekuwa anakwenda kuwapakia, ayaonyeshe mpakani, kwa sababu pale wanataka yale yenyewe. Wanyama hai wana njia yao ya pembeni Kasumbalesa, hawangoji kama saruji. Lakini njia hiyo inafunguliwa tu kama deklarasio imeshawatangulia.

Asubuhi ile nikawasha mashine. Haikuniuliza kitu. Ilifunguka nyeupe, safi, kama meza ya duka jipya.

Nikafikiri imechelewa, nikangoja. Nikaifunga nikaifungua tena, na leo nikikumbuka kwamba niliifunga tena nataka kujipiga kofi, ingawa hapo hapakuwa na kitu cha kupoteza. Nikaingia kwenye dosiye ya mafaili ya muda, ile ambayo siku zote imejaa takataka zenye majina marefu yasiyosomeka. Tupu. Nikaangalia pipa la taka la mashine. Tupu.

Nikampigia fundi. Akanisikiliza, akauliza mashine ilizimwaje, nikamwambia. Akasema, kwa sauti ya mtu aliyelala vizuri, kwamba basi hakuna hitilafu, programu imejisafisha.

"Kama umeme ungekatika, ungeikuta yote," alisema.

Nilimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, mama yangu bado anasoma. Baadaye aliibadilisha, siku hizi inauliza kabla ya kufagia, tena inauliza mara mbili. Siku ile haikuuliza.

Nikampigia dereva, simu imezimwa. Nikampigia mtu wetu wa mpakani, akanicheka kwa huzuni: foleni inaanzia upande wa Zambia na mkia wake hauonekani, kumtafuta dereva mmoja humo ni kazi ya kutwa. Nikampigia mke wangu. Yeye ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, akiingia huko simu inabaki kwenye kabati. Iliita mpaka ikakata.

Aliyebaki ni mmoja. Nilijua mama mkwe wangu alipiga picha makaratasi yote kwa simu yake kabla ya kumpa dereva, mke wangu alinisimulia. Picha zile zingetosha. Ningeomba anitumie, dakika chache tu ningekuwa naandika. Nikafungua simu yangu kutafuta namba yake. Sikuwa na namba yake. Sijawahi kuwa nayo, na yeye hana yangu. Mkwe gani anaweka namba ya mama mkwe wake kwenye simu? Angempigia amwambie nini? Tulikuwa tumeheshimiana kwa ukamilifu kiasi kwamba vifaranga walikuwa wanapikwa juani na sisi hatuna hata njia ya kupigiana simu.

Nje jua lilikuwa limeshapanda. Nilitoka bila kuaga, nikachukua pikipiki, nikamwambia dereva wake Naviundu, anisubiri huko turudi, na asinisimulie habari za mpira.

Nilimkuta bandani. Alikuwa ameziba madirisha kwa magunia, ametandaza maranda sakafuni, na mbabula, majiko ya kuwapasha vifaranga joto, zimejaa makaa, bado hazijawashwa, zikingoja wageni. Alikuwa anazipanga upya, ingawa zilikuwa zimepangika. Aliponiona mlangoni aligeuka haraka akavuta kikwembe chake cha kujitandia mpaka usoni. Mimi pia niligeuka. Tukabaki tumepeana migongo, mimi naangalia geti, yeye anaangalia ukuta. Kwa kawaida pale angekuwepo mtu wa tatu, tungesema naye na kila mmoja angesikia. Hapakuwa na mtu. Akaamua kuzungumza na mbabula.

"Uyu muntu iko natafuta nini saa hii?"

Nikaliambia geti kwamba deklarasio imepotea, kwamba nahitaji picha za makaratasi ili niandike upya, na kwamba bila hivyo lori halitapitishwa pembeni. Nikasema yote kwa mkupuo mmoja. Kisha nikasikia kaa moja likianguka sakafuni.

Hakuuliza imepoteaje. Aliuliza vifaranga wako wapi, nikasema bado kwenye foleni. Intaneti ya Naviundu ilikuwa imelala, picha zisingetumika, nikamwomba anipe simu nikimbie nayo mjini. Akakataa. Dereva wa lori alishampigia asubuhi kwa simu ya kuazima, ya kwake imeisha chaji, na kichwani ana namba ile moja tu. Akipiga tena akapokea mwingine, atachanganyikiwa.

"Simu haiende bila miye," alisema.

Pikipiki ilikuwa moja. Niliitazama barabara kama nyingine itaanguka kutoka mbinguni. Mama mkwe akaingia ndani, akatoka na beseni la plastiki, lile alilonunua la kuchanganyia chakula cha kuku. Nikapanda nyuma ya dereva. Yeye akaliweka beseni mgongoni kwangu, akakaa nyuma yake, akalishika kwa mikono miwili kama ukuta wa nyumba. Ndivyo tulivyopita mji mzima. Kila shimo beseni linanigonga uti wa mgongo, na watu wa Lubumbashi, mnawajua, hawawezi kuona kitu wakanyamaza. Mmoja alitupigia mluzi. Sikucheka. Nilikuwa naomba, kwa sauti ya chini, mambo mawili: tusianguke, na tusikutane na mjomba wa mke wangu.

Ofisini wenzangu walisimama wote. Wanajua kidogo desturi hizo, na walipoona beseni wakaelewa mengine. Sekretari akaanza kuomba radhi, nikamwomba alete kiti tu. Nilikiweka nyuma ya changu, mgongo kwa mgongo. Mama mkwe akakaa, akavaa miwani, akafungua picha. Akaanza kusoma kwa sauti yake ya darasani, neno baada ya neno, namba baada ya namba, na mimi naandika. Jina la muuzaji. Aina ya vifaranga. Chanjo. Idadi ya masanduku. Baada ya kila mstari nilikuwa natamani kuhifadhi, na siwezi, maana nikihifadhi inafungwa na mstari unaofuata hauingii. Nikaandika huku naiangalia ile mashine kama mtu anayeangalia mbwa aliyewahi kumuuma.

Simu ikalia katikati. Ni dereva. Nilisikia kila kitu, mgongo wangu ulikuwa karibu na simu kuliko heshima inavyotaka. Alisema lori limesimama pale pale, hakuna upepo, na vifaranga wa masanduku ya juu wanafungua midomo. Mama mkwe alimwambia afungue turubai pande zote, ashushe masanduku ya juu ayaweke chini ya lori kwenye kivuli, na asiwamwagie maji hata akishauriwa na nani. Alisema polepole, bila kupaza sauti. Alipokata, kiti chake kilikuwa kinatetemeka, na kutetemeka kule kukaingia kwenye kiti changu.

"Endelea," alisema. Hakusema na mbabula wala ukuta. Alisema nami.

Tukafika kwenye namba ya cheti cha daktari wa mifugo. Akasoma, akakwama. Tarakimu moja muhuri ulikuwa umeipita juu, haijulikani ni tatu au nane. Nikikosea tarakimu hiyo, maafisa wa mpakani wataona hailingani na orodha yao ya vyeti, ambayo hawamwonyeshi mtu, na watairudisha. Ikirudi, imeshafungwa, nami nitakuwa naelekea kwa shefu na maelezo, na yeye na maswali yake, na vifaranga juani. Alijaribu kuikuza ile picha, ikazidi ukungu. Kisha mkono wake ukapita juu ya bega langu na simu ndani yake. Niliipokea. Vidole vyetu viligusana.

Niliiangalia ile tarakimu mpaka macho yakauma. Kwangu ilikuwa tatu.

"Ni munane," alisema nyuma yangu. "Nilisimama pale, nilimuona na anaandika."

Nilikuwa na macho yangu na nilikuwa na neno lake. Nikaandika nane, nikahifadhi, namba ikatoka, mashine ikafunga. Nikaituma. Hapo hakuna wa kumpigia, unangoja tu. Mama mkwe alikuwa anasali kwa Kiluba cha Kasai, midomo tu. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Sekretari alituletea chai na hakuna aliyeigusa, kwa sababu hata chai hatuwezi kunywa pamoja. Ilipoa pale na utando juu.

Mtu wetu wa mpakani akapiga. Imepokelewa, namba zinalingana, amepewa ruhusa ya kulitafuta lori na kulitoa kwenye foleni. Nilitaka kuruka. Nyuma yangu nikasikia mama mkwe anavuta pumzi moja ndefu, kisha akauliza, akiuliza chumba kizima, imebaki muda gani mpaka lifike.

Lori liliingia Naviundu jua likiwa limeinama. Mama mkwe alikuwa amerudi nyumbani mapema kuwasha mbabula, na mimi nilifuata baadaye nikasimama getini, mahali pangu. Mke wangu alikuwa ametoka kazini na yuko njiani. Kwa simu alilia, akacheka kwa sababu ya beseni, akalia tena. Nilitamani afike kabla ya lori. Hakufika.

Lori la vifaranga linasikika kabla ya kuonekana. Wale viumbe wanapiga kelele mpaka watoto wa mtaa wanalikimbilia. Hili lilikuja na mlio wa injini peke yake. Dereva akazima injini, na hapakubaki kitu. Akashuka, ana vumbi mpaka kwenye kope, akamsalimia mama mkwe bila kumtazama. Akafungua mlango wa nyuma, akasogea pembeni na kofia mkononi. Hakusema wako wazima, hakusema wamekufa. Nilimkasirikia kwa kunyamaza kule kuliko nilivyomkasirikia fundi.

Mama mkwe alipiga hatua kuelekea lorini, akasimama. Akainua mkono kushika sanduku la kwanza, ukarudi. Nilimwona mabega yakipanda na kushuka. Kisha akaligeuzia lori mgongo wote, na kwa kuligeuzia lori mgongo akawa ananielekea mimi. Kikwembe kilikuwa mabegani. Aliniangalia usoni, moja kwa moja, macho yaliyopanuka kwa hofu, ya kahawia kama ya mke wangu. Miaka yote ile sikuwa nayajua.

"Angalia weye," alisema. "Uniambie."

Nikapita pembeni yake. Nikainua kifuniko cha sanduku la kwanza. Walikuwa wamelala, manjano, wamebanana, hakuna aliyetikisika. Nikainua la pili, vile vile. Sikuthubutu kugeuka, kwa sababu nilijua yuko ubavuni kwangu ananiangalia, anasoma uso wangu kama alivyokuwa anasoma zile picha, na uso wangu sikuweza kuufunga. Nikasikia anasema jina la Mungu. Nikayasukuma ya juu kando, nikavuta sanduku la safu ya chini, nikalifungua. Mwanga ukaingia. Kitu kikasogea kwenye kona, kisha wote wakainua vichwa kwa pamoja wakaanza kulia, sauti nyembamba, ya wachovu. Nikafungua lingine, na lingine, na yote yalikuwa yanalia.

Nikageuka.

"Biko bazima, mama. Ya juu bilikufa. Ya chini biko bazima, na ni mingi."

Alikuwa anazisikia kelele, lakini alikuwa bado hajaligeukia lori.

"Rudilia."

"Biko bazima."

Machozi yalikuwa yanamshuka mpaka kidevuni na hakuyafuta. Aliendelea kuniangalia, na mimi sikugeuza macho.